Namna ya kuunda ubia wa kulea walimu wapya na wakuu wapya wa shule, kuanzia kwenye kata yako

Siku naripoti kituo changu cha kwanza nilikabidhiwa boksi la chaki na rejista ya darasa la tatu, mkuu akaninyooshea kidole upande wa mwembe akasema "karibu sana Mwalimu, watoto wako wale pale", akapanda pikipiki akaenda kikao halmashauri. Watoto walikuwa tisini na kitu. Chuoni BTP (mazoezi ya kufundisha) nilifanyia kwenye darasa la watoto arobaini, mkufunzi amekaa nyuma na kalamu yake. Aliyenisaidia wiki ile ya kwanza, sitanii, ni mama mpika uji, ndo aliyenionyesha nani hasikii vizuri, nani anatembea saa mbili kuja shule, nani ukimgombeza tu anatoroka wiki nzima.

Miaka ikaenda nikateuliwa kuwa mwalimu mkuu shule nyingine. Makabidhiano yalichukua nusu saa, muhuri, funguo, daftari la mali, weka sahihi hapa na hapa, basi. Hakuna aliyeniambia kwamba shule inadaiwa na duka la vifaa tangu mwaka uliopita, na FFARS, mfumo wa kompyuta wa hesabu za fedha za shule, nilijifunza kwa kumpigia simu usiku rafiki yangu anayeongoza shule wilaya ya jirani, yeye anasoma hatua moja moja na mimi nabonyeza. Wakaguzi walipokuja nilipata hoja mbili, zote za risiti.

Kwaiyo nikiandika haya siandiki kama mtaalamu wa makaratasi, naandika kama mtu aliyeachwa ajifie mara mbili, alafu baadae nikapata bahati ya kuratibu kakikundi ka malezi kwenye kata yetu kwa miaka kadhaa. Nachojua ni kwamba mwalimu mpya anahitaji mtu wa kumuuliza saa nne asubuhi bila kuogopa, na mkuu mpya anahitaji namba ya simu ya mtu ambaye ameshapitia. Ubia wote tunaoenda kuuongelea hapa kazi yake ni kumpatia huyo mtu muda, nauli na kibali. Ukiona ubia wako unanunua vitu vingine zaidi ya hivyo vitatu, jiulize mara mbili.

Kwanza kaulize, usianze na mfadhili

Kosa la kwanza karibu wote tunalifanya: tunasikia kuna asasi ina hela za elimu, tunaandika andiko haraka haraka linalofanana na kile wanachotaka kusikia. Miezi sita baadae tuna mabango, tuna fulana, na mwalimu mpya bado hajui kuandaa azimio la kazi.

We anza hivi. Chukua daftari, zungukia shule za kata yako, tafuta walimu walioajiriwa ndani ya miaka miwili iliyopita na wakuu walioteuliwa ndani ya muda huo huo. Kaa nao mmoja mmoja, sio kikao, maana kwenye kikao mkuu wake akiwepo atasema kila kitu kiko sawa. Muulize ni lini mara ya mwisho alikwama, alimuuliza nani, na je alisaidika. Basi, maswali matatu.

Majibu utakayopata yatakushangaza kidogo. Wa msingi wengi watakwambia darasa la kwanza na la pili, maana kufundisha KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) ni ufundi wa peke yake na chuoni hukupata muda nao wa kutosha, alafu darasa likiwa na watoto mia ule ufundi kidogo ulioupata unapotea. Wa sekondari watakwambia kidato cha kwanza, mtoto katoka kusoma kila kitu kwa Kiswahili leo anasoma Baiolojia kwa Kingereza, na mwalimu mwenyewe ana miaka 24 hajui afanyeje. Wengi wataongelea vitu ambavyo sio vya darasani kabisa: nyumba ya kupanga, mshahara wa kwanza uliochelewa, cheki namba (namba ya mtumishi ya kulipiwa mshahara), jirani anayegonga usiku. Usividharau. Mwalimu ambaye hajalala hawezi kusikiliza ushauri wako wa mbinu shirikishi.

Wakuu wapya wao watasema fedha, kamati ya shule, walimu waliomzidi umri, na michango ya chakula. Na wanasiasa, ila hilo watalisema kwa sauti ya chini.

Hayo majibu yaandike ukurasa mmoja. Huo ukurasa ndo utaubeba kila ofisi utakayoingia.

Nani awe mbia

Orodha inaweza kuwa ndefu mpaka ukachoka kwaiyo nasema wale wa muhimu tu.

Halmashauri haikwepeki. Shule za serikali za msingi na sekondari ziko chini ya TAMISEMI, mwajiri wako wa kila siku ni Mkurugenzi, na bila sahihi yake huna ubia, una urafiki. Barua inaanzia kwa Afisa Elimu Kata, inaenda kwa Afisa Elimu wa wilaya (kumbuka wa msingi na wa sekondari ni ofisi mbili tofauti, usipeleke moja ukadhani nyingine itasikia), alafu kwa Mkurugenzi. Usiruke ngazi hata kama Mkurugenzi ni shemeji yako. Nimeona mpango mzuri kabisa ukafa kwa sababu afisa mmoja alisoma habari zake kwenye grupu la Whatsapp kabla ya kuona barua mezani kwake.

Uzuri ni kwamba huendi kuomba kitu kigeni. Serikali tayari ina MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini, inayosimamiwa kitaaluma na Taasisi ya Elimu Tanzania, na ndani yake kuna jumuiya za kujifunza shuleni na kwenye kata. Mpango wako wa malezi uingize humo humo. Ukienda na jina jipya na nembo mpya unaulizwa "huu mradi wa nani", ukienda ukasema nataka kuimarisha MEWAKA kwa walimu wa ajira mpya, mlango unafunguka.

Alafu kuna chuo cha ualimu. Huyu ni mbia ambaye watu wengi wanamsahau na yuko karibu, Butimba, Korogwe, Tukuyu, Mpwapwa, Songea, karibu kila ukanda una chuo. Wakufunzi wanakuja mashuleni kila mwaka kutathmini walimu tarajali kwenye BTP, safari yao imeshalipiwa. Sisi tulichofanya ni kumwandikia mkuu wa chuo barua ya kuomba kitu kimoja tu, kwamba mkufunzi akishamaliza tathmini yake abaki nusu siku kituo cha walimu akae na walezi wetu, yaani walimu wazoefu wanaowalea wapya, awafundishe namna ya kumwangalia mtu anafundisha na kuongea nae baadae. Haikugharimu chochote zaidi ya wali na maharage. Na chuo nacho kinafaidika maana kinasikia wahitimu wake wanakwama wapi, kitu ambacho hakuna mtu huwa anawarudishia.

Kwa upande wa wakuu kuna ADEM, makao yake Bagamoyo na ina kampasi Mwanza na Mbeya, ndo chombo cha serikali cha kuwafundisha viongozi wa elimu uongozi na usimamizi. Usitegemee ADEM ije kwenye kata yako kila mwezi, haiwezekani, ila walimu wakuu waliosoma pale wapo, watafute, maana mtu aliyetoka kwenye kozi mwaka juzi na bado ana vitini vyake ni hazina. Vyama vya wakuu pia, TAPSHA kwa msingi na TAHOSSA kwa sekondari, vina vikao vyao vya kawaida, omba dakika arobaini za ajenda kwa ajili ya wakuu wapya badala ya kuitisha kikao kipya.

Wathibiti ubora wa shule waombe wakusaidie kuwanoa walezi, ila wasiwe walezi. Sababu nakuja nayo.

Na wastaafu! Mtu kaongoza shule miaka kumi na tano, kastaafu na miaka 60, yuko nyumbani anafuga kuku, anatamani mtu amuulize kitu. Huyu kwa mkuu mpya ni dhahabu. Angalizo moja tu, kama alistaafu kabla ya mifumo hii ya kwenye kompyuta usimpe kufundisha fedha, atamfundisha mtu leja ya mwaka 2005. Mpe watu: namna ya kuendesha kamati ya shule, namna ya kumwita mwalimu mtoro ofisini bila kumvunjia heshima, namna ya kuongea na diwani.

Asasi na makampuni weka mwisho. Sio kwamba ni wabaya. Ila benki na makampuni kwa kawaida wanapenda kutoa kitu kinachopigika picha, madawati, mabati, na nauli ya mlezi haipigiki picha. Ukienda kwao nenda na bajeti ndogo na inayoeleweka, nitaionyesha chini.

Mlezi (wengine wanamwita menta)

Hapa ndo pa kukaa kidogo kwa sababu ukikosea hapa hata ubia wako ungekuwa na wabia kumi haufiki popote.

Sheria ya kwanza: anayemlea mwalimu mpya asiwe anayemtathmini. Mwalimu wa ajira mpya yuko kwenye kipindi cha majaribio cha miezi 12, na karatasi za kumthibitisha kazini zinapitia kwa mkuu wake kabla hazijafika TSC (Tume ya Utumishi wa Walimu) wilaya. Sasa we fikiria, huyo huyo mkuu ndo mlezi wake. Mtoto wa watu atamwambiaje "Mkuu, mimi sehemu ya kugawanya desimali hata mwenyewe siielewi vizuri"? Hawezi. Atatabasamu, ataandika andalio la somo zuri sana la kuonyesha, akiwa darasani atairuka ile mada. Mthibiti ubora naye hivyo hivyo, akiingia getini tu shule nzima inabadilika.

Kwaiyo mlezi awe mwalimu wa kawaida, mzoefu, ikiwezekana somo lile lile au madarasa yale yale, na awe shule ile ile au shule ambayo unaweza kuitembelea kwa mguu. Mlezi mmoja walimu wapya wawili, wakizidi watatu inakuwa mkutano.

Na uzoefu peke yake hautoshi jamani. Kuna mtu ana miaka ishirini kazini na yote kafanya makosa yale yale. Namna rahisi ya kumjua mlezi mzuri ni kuuliza walimu wenyewe kwa siri: ukikwama unamfuata nani? Jina litakalojirudia ndo hilo. Mara nyingi sio mwalimu wa taaluma, mara nyingi ni mama mmoja mtulivu wa darasa la pili ambaye hajawahi kupelekwa semina yoyote.

Suala lingine watu wanaona aibu kulisema: binti wa miaka 23 aliyepangiwa kijijini usimpangie mlezi mwanaume alafu mkakutana jioni nyumbani. Hata kama mlezi ni mtu safi kabisa, kijiji kina macho. Kama hamna mlezi mwanamke shule ile, mikutano iwe shuleni, mchana, mlango wazi, na umpe yule binti namba ya mwalimu mwanamke wa shule ya jirani kwa yale mengine.

Mlezi akishapatikana, mkuu wake ampunguzie vipindi. Hili liwe kwenye makubaliano kwa maandishi. Vipindi viwili kwa wiki, dakika 40 mara mbili, sio vingi, ila bila hivyo malezi yatafanyika wakati wa chai na mwisho hayatafanyika. Wakuu watakwambia walimu hawatoshi. Ni kweli hawatoshi. Waambie wajaribu muhula mmoja, mwalimu mpya aliyesimama vizuri anarudisha vile vipindi vyote.

Makubaliano yenyewe

Ukurasa mmoja, mkizidisha sana miwili. Hati za kurasa ishirini zinasomwa na mwanasheria wa halmashauri peke yake, na inabidi azipitie hata hizo fupi. Yaandike haya kwa Kiswahili cha kawaida: nani ni wabia, kila mmoja analeta nini (chuo nusu siku mara mbili kwa mwaka, halmashauri kituo cha walimu na ruhusa ya walimu kutoka, asasi nauli na bando), nani anashika hela na anatoa taarifa kwa nani, makubaliano yanaanza lini na yanaisha lini, na mtu mmoja mmoja wa kila upande wa kupigiwa simu.

Weka pia sentensi moja ambayo wengi hawaiweki, kwamba anachoandika mlezi kwenye daftari lake la malezi ni siri ya watu wawili, hakiingii kwenye PEPMIS (mfumo wa kupima utendaji wa watumishi) wala kwenye jalada la mtumishi. Sisi mwaka wa kwanza hatukuiweka. Mkuu mmoja akaomba madaftari "ayapitie tu", kuanzia wiki ile hakuna mwalimu mpya aliyefungua mdomo, tukaanza upya.

Kama asasi inafanya kazi halmashauri zaidi ya moja, wao waanzie mkoani kwa Katibu Tawala, sio kazi yako kuwatembeza.

Hela

Tuseme kata yenu ina walimu wapya tisa, walezi watano, wakuu wapya wawili na wastaafu wawili. Jumla watu 18. Mnakutana mara moja kwa mwezi kituo cha walimu (kama chenu kimegeuka stoo, siku moja ya kufagia inatosha). Nauli kwa wastani weka 4,000 kwa mtu, hiyo 72,000. Chai na chapati 2,000 kwa mtu, 36,000. Bando la 5,000 kwa walezi na wastaafu, watu saba, 35,000. Wastaafu kuwatembelea wakuu wapya mara mbili kwa mwezi kila mmoja, bodaboda 10,000 kwenda na kurudi, 40,000. Jumla 183,000 kwa mwezi. Miezi kumi ya masomo ni 1,830,000.

Angalia hiyo namba vizuri. Milioni moja na laki nane kwa mwaka mzima kwa watu kumi na mmoja wanaolelewa. Semina ya siku mbili ya hotelini yenye posho inakula hiyo hela kabla ya chakula cha mchana cha siku ya kwanza.

Usiseme shule zitatoa kwenye ruzuku. Ruzuku ya msingi ni 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka na kati ya hizo 4,000 zinabaki juu kwa ajili ya vitabu, kwaiyo shule ya watoto 600 inapata kama laki tatu kwa mwezi kwa kila kitu, chaki, mitihani, ukarabati, karatasi. Ukimwambia mkuu achomoe hapo anakuchekea tu. Pa kupigania ni bajeti ya halmashauri, na huko kuna ujanja mmoja tu, wahi. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1 ila mipango inaandikwa miezi mingi kabla, ukipeleka ombi lako mwezi wa nne utaambiwa "Mwalimu wazo zuri sana, mwakani". Peleka mwezi wa kumi, wa kumi na moja, wakati watu bado wanajaza PlanRep, mfumo wa mipango na bajeti wa halmashauri. Kama asasi itabeba mwaka wa kwanza, mkubaliane kwenye ile hati kwamba mwaka wa pili halmashauri inabeba nusu na wa tatu inabeba yote.

Nasisitiza hilo la mwaka wa tatu kwa sababu tumeshaona. EQUIP-T, mradi wa kuboresha elimu ya msingi, ilianza 2014, ikafika mikoa tisa, waratibu elimu kata (ndo maafisa elimu kata wa sasa) wakapata pikipiki na hela ya kuzizungusha, na kiukweli kazi ilifanyika, walimu wakuu walipata mafunzo kupitia ADEM na shule zilitembelewa. Ilipoisha 2020 pikipiki zilibaki ila mafuta ikawa ni mtu na mfuko wake. Sio lawama, mradi ni mradi una mwisho. Ila we ukijua una mwisho, panga mafuta mapema.

Mwaka wa mwalimu mpya unavyokwenda

Wiki ya kwanza hamna kufundishana. Mlezi ampeleke benki, amwonyeshe pa kupanga, amtambulishe kwa mwenyekiti wa kijiji, amsaidie kufuatilia karatasi za halmashauri. Hawa vijana siku hizi wamepita kwenye usaili wa Sekretarieti ya Ajira, wamesubiri ajira miaka, wengine mitano au zaidi wakiuza duka na kuendesha boda. Ualimu waliosoma umeshapoa. Wape muda upashwe moto.

Wiki ya pili na ya tatu mwalimu mpya ndo anaingia darasani kwa mlezi, anakaa nyuma, anaangalia. Watu wengi wanageuza hii, wanaanza na mlezi kumwangalia mpya, na hapo tayari umeshageuza malezi kuwa ukaguzi. Aanze mlezi kuonekana anavyofundisha, akosee pia aonekane anakosea. Baada ya hapo wanaandaa somo moja pamoja, wanaligawana, mlezi anafundisha nusu na mpya nusu.

Kuanzia wiki ya nne au ya tano mlezi anaenda darasani kwa mpya. Kabla hajaingia wanakubaliana aangalie kitu kimoja. Kimoja tu. Mfano, wale watoto wa madawati ya nyuma wanafanya nini? Mlezi anaandika anachokiona bila kuweka maksi. Baada ya kipindi wanakaa chini ya mti na mlezi anaanza kwa kuuliza:

"Mwalimu, we mwenyewe umeonaje?"

"Mh, Madam, nimeona wale wa nyuma wamepotea."

"Walipotea saa ngapi?"

"Nadhani nilipogeuka kuandika ubaoni."

"Na mimi nimeandika hivyo hivyo. Uliandika dakika kumi na moja bila kugeuka. Kesho tujaribu nini?"

Dakika kumi na tano zimeisha. Hamna hotuba. Ugumu wa hii njia ni kwamba walezi wengi, hasa sisi wa zamani, tumezoea kusema "ungefanya hivi, ungefanya vile", mpaka ukimaliza mtu ana vitu tisa vya kurekebisha na anatamani kuacha kazi. Hapo ndo ule muda wa mkufunzi wa chuo unapolipa, mwambie awafanyishe walezi zoezi la kunyamaza.

Ziara kama hiyo mara mbili kwa mwezi mpaka muhula uishe, baadae mara moja. Mwezi wa tisa au wa kumi mlezi amkumbushe kuhusu karatasi za kuthibitishwa kazini, asisubiri miezi 12 ipite ndo aanze kuulizia, maana kuchelewa huko kunakuja kumsumbua kwenye kupanda daraja.

Mikutano ya kila mwezi kwenye kituo iendeshwe na walimu wapya wenyewe. Kila mmoja aje na tatizo moja la mwezi ule. Afisa Elimu Kata afungue, anywe chai, aondoke. Samahani wakuu wangu, ila mkibaki hawaongei.

Wakuu wapya

Hawa ni wachache na wapweke zaidi. Mwalimu mpya ana staff nzima, mkuu mpya jana alikuwa anapiga nao soga leo wananyamaza akiingia.

Kitu chenye faida kubwa kuliko vyote ni kuwepo kwa mtu wa tatu kwenye makabidhiano. Mkuu anayetoka, anayeingia, na mlezi wake, mstaafu au mkuu mzoefu wa kata nyingine. Mlezi ndo anauliza maswali ambayo mpya anaona aibu kuuliza. Shule inadaiwa na nani? Hoja za ukaguzi zilizobaki ziko wapi na zimejibiwaje? Taarifa za benki zinalingana na za FFARS? Risiti za EFD (mashine ya kodi) za manunuzi ya mwaka huu zipo zote? Viwanja vina hati au mpaka wa shule ni ule mchongoma? Mwalimu gani ana kesi? Hiyo kazi ni ya siku nzima, sio nusu saa. Laiti ningekuwa na mtu wa kuniulizia hivyo siku ile, nisingelipa kwa jasho deni la saruji nisiyoijua.

Mwezi wa kwanza mlezi akae nae kwenye kikao kimoja cha kamati ya shule, au bodi kama ni sekondari, akae pembeni kimya kabisa, alafu waongee baadae wawili. Mwezi wa pili waende pamoja kwa mhasibu wa halmashauri, unajua mtu akishafahamiana na mhasibu uso kwa uso matatizo mengi yanaisha kwa simu. Posho ya madaraka ya 200,000 kwa mwalimu mkuu inaleta maneno nayo, wapo walimu watakaoamini ni hela ya shule, mlezi amwandae kujibu hilo bila hasira.

Kwa mkuu mpya mlezi wa nje ya wilaya pia anafaa sana hata kwa simu tu. Kwa yule wa ndani huwezi kumwambia kila kitu, mnagombania nafasi zile zile.

Mlezi anapata nini

Swali hili litaulizwa kikao cha kwanza na usiliogope. Posho kubwa huna. Lakini heshima ina namna ya kulipwa. Rwanda walifanya kitu kizuri, Chuo Kikuu cha Rwanda kupitia kitivo chake cha elimu kikishirikiana na shirika la VVOB la Ubelgiji na bodi yao ya elimu ya msingi kikaweka kozi rasmi ya walimu walezi wa mashuleni, ukimaliza unapata cheti cha chuo kikuu. Kozi hiyo kwetu ngazi ya kata huiwezi, ila cheti chenye muhuri wa chuo cha ualimu na sahihi ya Mkurugenzi unaweza, na kazi ya ulezi inaweza kuandikwa kwenye malengo ya mwaka ya mlezi kwenye PEPMIS ili ihesabike kama kazi, sio kama kujitolea. Ongea na mkuu wake mwanzoni mwa mwaka wa fedha wakati malengo yanaandikwa.

Mlezi wetu mmoja alilaminisha kile cheti akakitundika sebuleni juu ya televisheni. Msidharau vyeti.

Kujua kama inafanya kazi

Usipime kwa matokeo ya darasa la saba mwaka wa kwanza, hayo yana mambo mengi. Hesabu vitu vidogo: ziara ngapi zilizopangwa zimefanyika kweli, walimu wapya wangapi bado wapo baada ya mwaka, wangapi wameomba uhamisho, karatasi ngapi za uthibitisho zimeenda kwa wakati, mkuu mpya kapata hoja ngapi. Karatasi moja kwa muhula kwa kila mbia. Mbia akitaka ripoti ya kurasa thelathini muulize atamlipa nani kuiandika.

Na uhamisho utakuja tu. Mwaka wetu wa pili walezi wawili kati ya watano walihamishwa mwezi mmoja, tukaangaika. Tangu hapo kila mlezi anatembea na mlezi mdogo, mtu anayemwandaa, mara nyingi ni yule yule mwalimu mpya wa miaka miwili iliyopita. Na mwalimu mpya akihamishwa kabla mwaka haujaisha, mlezi wake anampigia simu mratibu wa MEWAKA wa shule anayoenda, anampa jina lake na siku anayofika, ili akiripoti akute mtu anamsubiri getini.